Kompyuta ya Kupeleka Ukweni

Shule niliiacha darasa la pili kwa sababu ya nyuki. Nikisema hivyo watu hudhani nyuki waliniuma mimi. Hapana. Waliumwa wengine, na mmoja wao alikuwa mwalimu.

Baba yangu alikuwa mrina asali, kama baba yake. Siku hiyo tulikuwa tunahamisha mzinga wa gome kutoka porini kuuleta karibu na nyumbani Kakese, maana nyegere, yule mnyama mwizi wa asali, alikuwa ameuzoea. Nyegere akishaujua mzinga wako ni kama shemeji aliyeujua muda wa chakula. Baba alitangulia, mimi nyuma, mti umelala mabegani mwetu na mzinga unaning'inia katikati. Tundu la nyuki alikuwa ameliziba kwa nta na majani makavu. Njia ya mkato ilipita kwenye uwanja wa shule. Mimi nikawasikia nyuki ndani wanavuma vibaya, nikawahurumia, nikadhani wanakosa pumzi. Nikanyoosha kidole, nikachokonoa kile kizibo kidogo tu, kiasi cha punje ya mtama.

Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya mistari ya watoto anahesabu kucha chafu. Siku tatu hakuona, macho yamefumba kama ya mtoto wa paka. Hakuna aliyenifukuza, ila na mimi sikuwa na uso wa kurudi. Baba hakunichapa sana. Alinikalisha akaniambia, "Tundu ni tundu. Ukilikuta wazi, ziba kwanza, uliza baadaye. Na ukishauhamisha mzinga, usiuzibue mpaka jua lizame, wenyewe wametulia." Maneno hayo nimeishi nayo kuliko hata herufi nilizofundishwa, ambazo nazo ni chache.

Basi nikawa seremala. Mizinga nilitengeneza, viti, milango, majeneza. Jeneza ni kazi rahisi kwa sababu mteja harudi kulalamika. Nilikuwa na banda langu Mpanda, karibu na njia ya kwenda stesheni, na hapo ndipo aliponikuta yule kijana, miaka ile ya tisini.

Alikuwa mtoto wa wafugaji, wale waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Baba yake alikuwa na kundi la kufunga barabara, lakini yeye ng'ombe hakuwataka. Alisoma, akaajiriwa na mradi mmoja wa wageni waliokuwa wakichimba visima, kazi yake kutunza kompyuta zao. Mpanda kompyuta ilikuwa kitu cha kusikia tu. Mimi nilidhani ni redio ya kuandikia. Mradi ukaisha, wageni wakafunga mizigo. Kompyuta ndogo wakapakia kwenye magari. Ile kubwa wakamwachia yeye, kwa sababu radi ilikuwa imeipiga na walidhani imekufa.

Akaileta kwangu kwenye toroli la matofali. Ilikuwa na urefu wa mbuzi aliyesimama, na uzito wa mbuzi wawili.

"Hii inaitwa seva, mzee wangu," akaniambia. "Ndiyo mama yao. Zile ndogo zote zilikuwa zinanyonya hapa."

"Na mama ameachwa?"

"Ameachwa. Lakini hajafa. Ana matumbo mawili ya umeme, radi imekula moja. Hizi mashine za kazi kubwa ndivyo zinavyoundwa, kimoja kikifa kingine kinabeba."

Nikamwambia hata mimi ningependa kuundwa hivyo. Akacheka, halafu akakaa juu ya gogo langu la mninga, akanieleza shida yake.

Kulikuwa na binti. Alikuwa karani kwenye mradi huohuo, na kijana ndiye aliyemfundisha kupiga taipu kwenye kompyuta. Mradi ulipofungwa binti akarudi kwao Mwese, milimani. Kijana akapeleka salamu za kuposa, na baba yake mzazi akasema wazi yuko tayari kutoa ng'ombe. Jibu la Mwese likarudi kwa mdomo wa mjumbe, nami nalijua kama nilivyolisikia: "Ng'ombe ni wa baba yako. Mimi simwozeshi baba yako. Lete nione kilichotoka mikononi mwako."

Baba wa binti alikuwa mrina asali, na kwa wazee wa asali neno hilo si la ajabu. Babu yangu mwenyewe alipeleka ukweni mzinga aliouchonga, wakaugeuza, wakaupiga kofi, wakauchungulia, wakamwambia rudi kachonge mwingine. Alirudi mara tatu. Bibi yangu alikuwa akimtania mpaka uzeeni kwamba mzinga wa kwanza ulifanana na kiatu.

"Sasa mimi mikono yangu inajua hii tu," kijana akasema akiigonga seva kwa kiganja. "Kule hakuna gari la kupanda mlima na mzigo huu. Nataka nitoe yaliyomo, niyapange kwenye sanduku dogo la kubebeka, liwe na kioo chake, na herufi zake, na mpini. Nilifungulie mbele ya mzee, aone. Akikataa hapo, basi. Sina kingine cha kuonyesha."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Niliingia kama seremala, nikajikuta mshenga, maana hakuwa na mzee mwingine mjini wa kwenda kumsemea.

Kazi ile ilituchukua kiangazi chote. Nilidhani tutavunja bati na kutoa vitu, kama kuchuna mbuzi. Kumbe kila kiungo kina tabia yake. Ubao mkuu, ule wenye njia za shaba kama ramani ya mashamba, ulikuwa mpana kuliko wa kompyuta za kawaida, kwa hiyo sanduku nalo lazima lianzie hapo. Kumbukumbu zake zilikuwa vijiti virefu ambavyo havikubali kubadilishwa na vya kompyuta nyingine. Diski yake ilizunguka kwa sauti ya cherehani. Tukaikalisha juu ya vipande vya tyubu ya baiskeli ili isitikisike njiani. Bati la ubavuni mwa seva tulilikata tukalifanya sakafu ya kufungia ubao. Kioo kilikuwa kile kidogo cha weusi na weupe kilichokaa juu ya seva tangu ofisini, ukubwa wa sahani ya chai. Mimi niliranda mbao za mninga mpaka zikawa nyembamba, nikazipinda pembe, nikatia mpini wa ngozi ya ng'ombe wa baba yake. Hicho ndicho kitu pekee cha baba yake alichokubali kiwemo.

Seva ilikuwa na akili mbili, ndivyo alivyoviita vile vipande vinavyofikiri, ubavu kwa ubavu, kila moja imevaa mapezi ya bati ya kupoza joto. Kijana akatoa moja.

"Betri ya lori haiwezi kulisha zote mbili," akasema.

"Akili moja inatosha kwenda ukweni," nikamwambia. "Wengine huenda bila hata hiyo."

Tukaunga betri ya lori na kifaa kilichoachwa na mradi cha kugeuza umeme wa betri uwe wa ukutani. Tukawasha. Kimya. Siku nne tulihangaika. Alikonda, hakula, alikuwa akiongea na ule ubao kwa Kisukuma. Siku ya tano akajipiga kwenye paji la uso, akaenda kufukua kwenye takataka za mradi, akarudi na kikadi kitupu kisicho na kitu chochote ndani. Akakichomeka pale ilipotoka ile akili ya pili. Ikawaka!

"Umefanya nini?"

"Mlango ulikuwa wazi, mzee. Mlango wa akili usio na mwenyewe lazima uzibwe. Ukiuacha wazi, mashine yote inagoma."

Nikamwangalia kwa heshima mpya. Nilijiona nimeshaielewa kompyuta, kwamba ni mzinga. Baba yangu angeielewa pia. Wewe unayenisikiliza uliweke neno hilo moyoni, maana mimi nililiweka, na ndilo lililotuharibia.

Chini ya sanduku alinichongesha matundu membamba marefu, na mengine juu kwa nyuma. Feni ilivuta hewa chini ikaitoa juu. Alinieleza, sisemi hakunieleza. Alisema, "Hapa ndipo inapopumulia." Nikaitikia. Mtu anaweza kuitikia jambo kwa sikio na asiliitikie kwa mkono.

Jioni moja kabla ya safari akanionyesha alichoandika ndani. Binti alikuwa amemtumia barua yenye mizinga yote ya baba yake, kila mmoja na mti wake: huu uko kwenye mti uitwao mtundu, ule wa bondeni, huu kwenye mninga wa makaburini, huu ulipasuliwa na nyegere, huu ulihamwa na nyuki baada ya moto. Akaipanga yote kwenye kioo, mstari kwa mstari. Unabonyeza, mzinga unakuja na habari zake. Mzee ambaye hajui kusoma angesomewa mizinga yake mwenyewe kutoka kwenye kitu kilichotengenezwa na mkwe. Nilipoona hivyo niliona ameshaoa.

Tulienda siku mbili, baiskeli moja imebeba sanduku, nyingine imebeba betri, tunasukuma kuliko kupanda. Njia ya Mwese mnaijua. Kiangazi vumbi lake ni jekundu na jepesi kama unga wa kusagwa mara mbili, linaingia mpaka kwenye meno. Siku ya pili tulifika kwenye kijito, kijana akashuka kuoga na kubadili nguo, maana alitaka kuingia na shati lake jeupe la ofisini. Mimi nikabaki na mizigo. Nikaliangalia sanduku. Chini kule matundu yamekaa wazi, yana ukingo mwekundu wa vumbi. Na mfukoni nilikuwa na donge la nta, mimi sikosi nta, ni ya kulainishia msumeno.

Tundu ni tundu. Nikayaziba yote, moja moja, nikayasawazisha kwa kidole gumba. Tena niliifanya kazi ile vizuri, mtu asingejua. Sikumwambia kwa sababu sikuona kama ni jambo la kusema. Ukifunga kitovu cha mtoto utamtangazia nani? Nikasema moyoni, tukifika litulie, jua likizama nitazibua.

Tulipokewa vizuri. Wakatutandikia mkeka uani, wakatuletea wanzuki kwenye kibuyu, ile pombe ya asali ambayo mshenga akiikataa amemtukana mwenye nyumba. Sikumtukana. Mzee mwenyewe alikuwa mfupi, mkimya, mikono ina makovu ya miiba ya nyuki. Alikuwepo mdogo wake, baba mdogo wa binti, mtu wa maneno. Shangazi na wanawake wengine walikaa barazani kwa ndani, na binti nyuma yao, haonekani ila vidole vyake mlangoni.

Nilidhani mambo yangeanza jioni. Lakini mzee akasema, "Mimi saa kumi na moja naenda mizingani. Nionyesheni sasa."

Jua lilikuwa bado kali. Kijana akaliweka sanduku juu ya kigoda, akafungua kifuniko, akaunga nyaya. Akanigeukia. "Tayari, mzee wangu?"

"Tayari," nikasema, kibuyu mkononi.

Ikavuma. Kioo kikawaka kijivu, halafu kikaandika. Wanawake wakasema, "Eeee!" Baba mdogo akasogeza kigoda chake nyuma kidogo, akijifanya anakaa vizuri.

"Shikamoo baba," kijana akasema. "Hii nimeitengeneza mimi, na mzee huyu. Ina mizinga yako ndani."

"Mizinga yangu iko mlimani."

"Habari zake, baba." Akabonyeza. "Mzinga wa kwanza. Mtundu wa bondeni. Uliutundika mwaka aliozaliwa binti yako mkubwa."

Mzee akainua uso. Kijana akabonyeza tena.

"Mzinga wa pili. Mninga wa makaburini. Nyuki wake wakali, wanarinwa wakati wa mvua tu."

"Kweli," mzee akasema taratibu. "Wale wakali kweli. Endelea."

Mimi nilikuwa nimeanza kutabasamu. Mzinga wa tatu ukaja kwenye kioo, na kijana akafungua mdomo kuusoma, na hapo sanduku likaanza kulia. Kilio chembamba, cha kukatakata, kama kifaranga kilichokanyagwa. Lililia, likalia, halafu kioo kikazima, na feni ikazima.

Upepo ukaniletea harufu ya nta ya moto.

Nilijua palepale. Sitawadanganya kwamba nilihitaji kufikiri. Jua lilikuwa juu, nta ilikuwa chini, na mashine ilikuwa imekosa pumzi mpaka ikajizima yenyewe isiungue.

Kijana akapeleka kiganja kule nyuma, kwenye matundu ya juu. "Ina joto sana," akasema, kama anaongea peke yake. "Feni ilikuwa inazunguka. Hewa haikuwa inatoka. Kwa nini hewa haikuwa inatoka?" Akanigeukia mimi. "Mzee?"

Mshenga anaitwa mshenga kwa sababu ya mdomo. Ndiyo kazi yake, kusema pale mwenzake asipoweza. Mimi nikaangalia ndani ya kibuyu. Niliona aibu ya kuonekana mjinga mbele ya mrina mwenzangu, mimi mtoto wa mrina, nimeziba na sijazibua. Nikajiambia nitasema, ngoja kwanza wamalize kushangaa.

Baba mdogo ndiye aliyesema. "Ha! Kimekula mizinga miwili kikashiba."

Wanawake wakacheka.

"Kaka, hata ile redio yangu mbovu," akaendelea, "ikifa inakuwa imeimba angalau wimbo mmoja ukaisha. Kijana, hii utamlisha nayo mwanetu? Atapika nini, kile kilio?"

"Acha," mzee akamwambia.

"Siachi, nauliza tu. Nyie mnacheka, mimi nauliza."

Kijana alifunga kifuniko polepole, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akawa ameuchafua. Akaomba maji. Shangazi akamletea kikombe, akanywa yote, akakirudisha kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa. Akasema, "Nakuja sasa hivi." Akapita kati ya rundo la mizinga mipya iliyokuwa ikikaushwa na ukuta wa jiko, akatoka.

Nilidhani anaenda kujisaidia. Wote tulidhani hivyo.

Mzee akavuta pua. "Nanusa nta," akasema. "Nani anayeyusha nta hapa?"

Hapo mdomo wangu ukafunguka, umechelewa kama mvua ya mwezi wa sita. Nikamweleza. Kijito, vumbi, donge, baba yangu, jua kuzama. Alinisikiliza bila kupepesa. Akalilaza sanduku ubavuni, akachomoa kisu chake cha kurinia, akaanza kukwangua. Nta ilitoka laini, inanata kwenye chuma. Alipomaliza akalisimamisha tena, akaninyooshea kile kisu na donge lote kwenye ncha.

"Mshenga, umemziba pua mtu uliyekuja kumsemea."

"Ndiyo, mkwe."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Akamwita binti yake. Binti alitoka bila kungoja shangazi amalize kumkataza, akapiga magoti kando ya kigoda, akagusa nyuma ya sanduku, akangoja lipoe. Alijua kungoja, alifundishwa na kijana mwenyewe. Halafu akafungua kifuniko, akabonyeza. Ikavuma, na safari hii hewa ikatoka nyuma ikampeperusha kitambaa cha kichwani. Akasoma mzinga wa tatu, wa nne, wa tano, mpaka ule uliohamwa baada ya moto. Mzee alikuwa akiitikia kila mmoja kwa kichwa. Kwenye wa saba akasema, "Huo mti amekosea, si msasa, ni myombo," na nikamwona anacheka kwa mara ya kwanza, bila sauti, mabega tu.

"Amelitengeneza mwenyewe?" akaniuliza.

"Mwenyewe. Mimi nilichonga mbao tu. Na kuharibu."

"Mwiteni mkwe wangu," mzee akasema.

Baba mdogo ndiye aliyeondoka wa kwanza, tena mbio. Kijana hakuwepo nyuma ya jiko, wala chooni. Baiskeli zote mbili zilikuwa pale zilipoegeshwa. Tukatoka mpaka ukingoni mwa mihogo, pale kilima kinapokatika na njia inateremka kuelekea ziwani, upande wa Kapalamsenga. Shati jeupe lilikuwa mbali chini, linatembea. Halikimbii, mwendo wa mtu anayetoka kazini. Tukaita. Baba mdogo aliita mpaka sauti ikapasuka, akaita "mkwe!" kwa jina hilohilo alilomnyima muda mfupi uliopita. Binti hakuita. Mimi nilipiga miluzi ya porini, ile ya warina kuitana, lakini yeye alikuwa mtoto wa wafugaji, hiyo hakuijua.

Sijui kama alitusikia. Aliendelea kushuka, mkono mmoja wa shati, ule uliochafuka, umekunjwa, akaingia kwenye miti.

Hakurudi.